Kutoka Chupa za Makumbusho hadi Jenomu: Historia ya Uchunguzi wa Nasaba na Njia za Uzazi za Samaki wa Ziwa Nyasa, kwa Kurejelea Mwambao wa Mbaha, 1859–2018

IKISIRI

Makala hii inachunguza historia ya maarifa ya kisayansi kuhusu samaki wa jamii ya sikilidi katika Ziwa Nyasa, kwa kuzingatia maswali mawili ambayo hayakwenda sambamba tangu mwanzo: samaki hawa wana uhusiano gani wa nasaba, na wanazaaje? Data zimekusanywa kwa njia ya uchambuzi wa maandiko, hususani ripoti za upimaji wa ziwa, kazi za uainishaji na tafiti za vinasaba. Makala inadai kuwa kwa takribani miaka 80 ya kwanza uzazi wa samaki hawa haukutumika kama ushahidi wa nasaba kwa sababu samaki walichunguzwa wakiwa wafu. Kwamba katika kipindi cha pili tabia ya mama kuatamia mayai kinywani iligeuzwa kuwa kigezo cha uainishaji. Na kwamba ushahidi wa vinasaba umekithibitisha kigezo hicho kwa sehemu na kukikanusha kwa sehemu. Mwisho, makala inaonesha kwa nini mjadala huo, unaodhaniwa kuwa wa wataalamu peke yao, unaugusa moja kwa moja mustakabali wa uvuvi na ufugaji wa samaki katika mwambao wa Mbaha na maeneo jirani.

1.0 Utangulizi

Mbaha ni kata ya Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kati ya Lituhi na Liuli. Kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Wakazi wa mwambao huu, Wanyasa na majirani zao Wamanda, wameishi kwa uvuvi na kilimo cha muhogo na mpunga, huku wakibadilishana mazao na Wamatengo wa nyanda za juu. Ziwa lenyewe lina kina cha takribani meta 700 na urefu wa zaidi ya kilometa 550, na linakaliwa na spishi zaidi ya 500 za sikilidi, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani.

Wingi huo ndio uliowavuta wanasayansi kwa zaidi ya karne moja na nusu. Hata hivyo, maandiko mengi yanayosimulia historia ya uchunguzi wa ziwa hili hujikita katika orodha za spishi na majina ya waliozigundua. Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni namna swali la uzazi lilivyoingia katika swali la nasaba, na namna jibu la swali moja lilivyobadilisha jibu la jingine. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na makala hii.

1.1 Mkabala wa uchambuzi

Uchambuzi unaongozwa na hoja moja ya kibiolojia: njia ya kuzaa huamua umbali ambao mtoto anaweza kufika kutoka kwa mama yake, na umbali huo huathiri kasi ya koo kutengana. Hoja hii inaeleweka vizuri kwa kulinganisha ziwa na bahari. Katika miamba ya pwani ya Tanzania wapo wanyama wenye gamba la mviringo na miiba, jamaa wa kiti cha pweza. Spishi iitwayo *Echinometra mathaei*, kwa mfano, humwaga mayai madogo na mbegu za kiume majini. Lava wake hubebwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua kwenye mwamba. Ndiyo maana spishi hiyo imeenea katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wapo jamaa zake wa bahari za baridi ambao hutaga mayai machache makubwa na kuyahifadhi mwilini mwa mama. Watoto wao hawasafiri mbali, na kwa kawaida maeneo wanakopatikana ni finyu zaidi.

Samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa wako upande huo wa pili. Mayai yao hayaelei, watoto hawachukuliwi na mkondo, na mama huwaachia takribani mahali palepale alipozaliwa yeye. Sehemu zinazofuata zinaonesha jinsi maarifa hayo yalivyopatikana hatua kwa hatua.

2.0 Samaki katika chupa, 1859–1935

David Livingstone na John Kirk walifika Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1859, miezi miwili kabla ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alikuwa daktari na mkusanyaji wa mimea na wanyama. Samaki alioukusanya msafara huo walipelekwa London, ambako Albert Günther aliwaeleza mwaka 1864. Miongoni mwao alikuwemo perege ambaye leo anaitwa *Oreochromis squamipinnis*, mmoja wa samaki wanaojulikana upande wa Malawi kama chambo na upande wa Tanzania kama magege.

Baada ya Günther alifuata George Boulenger, ambaye miaka ya 1890 alieleza spishi nyingi za ziwa hili, wakiwemo samaki wawili wa miamba waliokuja kujulikana sana: yule wa mistari ya dhahabu aliyempa jina la *auratus* mwaka 1897 na yule wa milia aliyempa jina la *zebra* mwaka 1899. Charles Tate Regan alichapisha uchambuzi wa jumla wa sikilidi wa ziwa hili mwaka 1922, akitegemea zaidi meno, mifupa ya koo na umbo la fuvu. Ethelwynn Trewavas alifuata nyayo zake mwaka 1935 kwa muhtasari uliotokana kwa kiasi kikubwa na mkusanyo wa Cuthbert Christy wa mwaka 1925 na 1926.

Mwambao wa mashariki uliingia katika historia hii kupitia utawala wa Wajerumani. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliuweka upande huu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Daktari wa jeshi la kikoloni, Friedrich Fülleborn, alikusanya samaki kaskazini mwa ziwa mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1906 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma. Samaki wake walikaa Berlin hadi mwaka 1926, Ernst Ahl alipowaeleza. Mmoja alipewa jina la mkusanyaji, *Labeotropheus fuelleborni*. Mwingine aliitwa *kiwinge*, jina ambalo sauti yake ni ya Kibantu na linaonesha kuwa mkusanyaji aliwasikiliza wavuvi angalau kwa kiasi cha kuandika walichosema.

Kipindi hiki chote kina sifa moja ya kimbinu inayohitaji kusisitizwa. Samaki alifika mezani kwa mtaalamu akiwa ndani ya kileo au formalini. Rangi zake zilikuwa zimefifia. Aliyekuwa wa buluu na aliyekuwa mweusi wote walionekana wa kahawia. Mayai yaliyokuwa kinywani mwa mama mara nyingi yalikuwa yametemwa wakati wa kuvuliwa. Kwa hiyo hata pale wataalamu walipojua kuwa baadhi ya sikilidi huatamia mayai kinywani, ujuzi huo haukuwa na nafasi katika majedwali yao ya utambuzi. Meno yalibaki chupani. Tabia ilibaki ziwani. Uainishaji wa Regan na wa Trewavas wa mwaka 1935 ulikuwa makini, lakini ulijengwa juu ya kile ambacho chupa iliweza kuhifadhi.

Wakati huohuo watu walioishi kando ya ziwa walikuwa na maarifa ya aina nyingine. William Percival Johnson, mmisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati aliyefariki Liuli mwaka 1928, alichapisha mwaka 1922 kitabu kuhusu ziwa na maisha ya watu wake. Kazi kama hiyo inathibitisha kuwa wavuvi waliwapanga samaki kwa makazi na mienendo. Majina kama *mbuna* kwa samaki wa miamba, *utaka* kwa wale wa makundi wanaokula viumbe vidogo vya majini, na *kampango* kwa kambare mkubwa, yanatofautisha makundi ambayo sayansi iliyathibitisha baadaye. Majina hayo yaliingia katika maandiko ya kitaaluma, ingawa watu waliotoa majina hayo hawakuingia.

3.0 Kutoka makumbusho kwenda ziwani, 1939–1972

Badiliko la kwanza lilitokea mwaka 1939, serikali ya kikoloni ilipotaka kujua kiasi cha samaki ambacho ziwa lingeweza kutoa. Upimaji huo, ambao ripoti yake iliandikwa na Kate Bertram, Borley na Trewavas na kutolewa mwaka 1942, ulimpeleka Trewavas mwenyewe ziwani. Hapo mtaalamu wa chupa alikutana na samaki hai. Mwaka 1941 alieleza spishi mbili mpya za chambo, *karongae* na *lidole*. Jina la pili limetokana na lugha za wenyeji.

Kazi iliyofuata ilikuwa na uzito zaidi kwa mada hii. Kati ya mwaka 1945 na 1947 Rosemary Lowe alichunguza perege wa ziwa hili na kutoa ripoti mwaka 1952. Tatizo alilolikuta lilikuwa hili: chambo wa spishi mbalimbali walikaribia kufanana kabisa katika vipimo vya mwili, lakini walivuliwa pamoja katika wavu mmoja bila kuchanganyika kizazi. Lowe alitafuta jibu katika uzazi. Aligundua kuwa spishi hizo zilitofautiana katika majira, kina na mahali pa kuzalia, pamoja na rangi ya dume wakati wa kuzaa. Dume wa *squamipinnis* huwa wa buluu mwenye kichwa cheupe, ilhali jamaa zake huwa weusi. Kwa mara ya kwanza katika ziwa hili, tabia ya uzazi ilitumika kuamua mipaka ya spishi, si kama maelezo ya ziada yanayowekwa mwishoni. Ni kweli kwamba mojawapo ya spishi alizozieleza, *saka*, baadaye iliunganishwa na *karongae*. Hata hivyo, mbinu yake ilidumu.

Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Nkhata Bay katika miaka ya 1950, aliihamishia mbinu hiyo kwa mbuna. Katika andiko lake la mwaka 1959 alieleza kuwa mbuna hawauachi mwamba. Jike hutaga makumi machache tu ya mayai makubwa, huyaatamia kinywani kwa takribani wiki tatu bila kula inavyostahili, kisha huwaachia watoto mumo humo katika miamba. Ufuo wa mchanga ulio kati ya rundo moja la miamba na jingine ni kizuizi kwao, kama bahari ilivyo kizuizi kwa wanyama wa visiwani. Kutokana na hoja hiyo, mwambao kama ule wa kati ya Lituhi na Mbamba Bay, ambako miamba na mchanga hupokezana, hauwezi kutazamwa kama makazi mamoja. Ni mfululizo wa visiwa vilivyo chini ya maji. Upimaji wa kaskazini mwa ziwa uliofanywa na Jackson, Iles, Harding na Fryer mwaka 1954 na 1955, na ripoti yake kuchapishwa mwaka 1963, uliongeza ushahidi kutoka sehemu ambazo hapo awali zilijulikana kwa mikusanyo michache tu.

Swali lililobaki lilikuwa namna mayai yanavyorutubishwa ikiwa jike huyaokota haraka sana baada ya kuyataga. Jibu lilitolewa na Wolfgang Wickler mwaka 1962. Dume wa sikilidi wengi wa aina hii ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike akishaokota mayai yake hujaribu kuyaokota na hayo madoa, na kwa kufanya hivyo huvuta mbegu za kiume kinywani, ambamo urutubishaji hukamilika. Chambo wana utaratibu wao: dume huota kishada chembamba kama nyuzi karibu na tundu la uzazi. Mwaka 1972 Fryer na Iles walikusanya maarifa haya yote katika kitabu kimoja kuhusu sikilidi wa maziwa makuu ya Afrika, ambacho kinaweza kuhesabiwa kuwa ndicho kilichofunga kipindi hiki.

4.0 Kinywa cha mama kama kigezo cha uainishaji, 1973–1989

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, perege wote waliwekwa katika jenasi moja ya *Tilapia*. Ndani yake walikuwemo samaki wa tabia zinazotofautiana sana. Katika Ziwa Nyasa, perege aliyeitwa *Tilapia rendalli* huchimba mashimo penye majani na maji ya kina kifupi, hutaga maelfu ya mayai madogo, na baba na mama huyalinda kwa pamoja. Chambo, kwa upande wao, hutaga mamia ya mayai. Dume huchimba kiota mchangani na kuondoka katika malezi, na jike peke yake huyaatamia kinywani.

Mwaka 1973 Trewavas alipendekeza kuwatenga waatamiaji wa kinywani katika jenasi ya *Sarotherodon*. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 alikwenda mbali zaidi: wale ambao ni mama peke yake anayeatamia aliwaweka katika jenasi ya *Oreochromis*, jina ambalo Günther alikuwa amelitoa mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo jina la kisayansi la magege wa Mbaha limetokana na ziwa dogo la mlimani lililoko mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kimsingi, Trewavas alikuwa akisema kuwa mgawanyo wa kazi ya malezi kati ya baba na mama ni alama ya ukoo.

Pendekezo hilo halikupokelewa bila upinzani. Thys van den Audenaerde alikuwa tayari, mwaka 1968, amewagawa perege katika jenasi ndogo ndani ya *Tilapia*, ikiwemo *Nyasalapia* kwa ajili ya kundi la chambo, bila kuivunja jenasi kuu. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Peters na Berns. Hawa walichunguza mayai yenyewe na kudai kuwa uatamiaji wa kinywani umezuka mara nyingi kutoka kwa mababu waliotaga juu ya mawe na mchanga. Mayai ya waatamiaji, walisema, bado yana mabaki ya viungo vya kunata ambavyo havina kazi tena kwa yai linalokaa kinywani. Ikiwa madai hayo ni sahihi, basi kuwaweka waatamiaji wote katika jenasi moja ni sawa na kuwaweka popo na ndege katika ukoo mmoja kwa kuwa wote huruka.

Mjadala huu ulikuwa na uzito wa kinadharia kwa sababu ulihusu swali la msingi: je, tabia ni ushahidi wa nasaba, au ni jibu la mazingira linaloweza kujirudia popote? Kwa vyombo vya wakati huo, halikuweza kuamuliwa. Kila upande ulikuwa na samaki walewale mbele yake. Wakati huohuo, Eccles na Trewavas, katika kazi yao ya mwaka 1989, waliigawa jenasi kubwa ya *Haplochromis* ya ziwa hili katika jenasi nyingi kwa kutumia zaidi mpangilio wa mabaka na umbo, kwa sababu uzazi haukuweza kuwasaidia hapo: karibu samaki wote wa kundi hilo wanaatamia kinywani.

5.0 Ushahidi wa vinasaba, 1993–2018

Uchunguzi wa DNA ulianza kutoa majibu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kocher na wenzake (1993) walilinganisha samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa wanaofanana kwa umbo na kuonesha kuwa mfanano huo haukutokana na undugu wa karibu; kila ziwa lilizalisha maumbo hayo kivyake. Lilikuwa onyo kwa kila aliyeutegemea mwili peke yake kama ushahidi wa ukoo.

Kuhusu malezi, Goodwin na wenzake (1998) walikadiria kuwa katika familia nzima ya sikilidi badiliko kutoka kulinda mayai juu ya ardhi kwenda kuatamia kinywani limetokea kati ya mara 10 na 14, na badiliko la kurudi nyuma mara 3 kwa kiwango cha juu, au halikutokea kabisa. Vilevile, malezi ya wazazi wawili yaligeuka kuwa ya mama peke yake mara nyingi, lakini kinyume chake hakikuonekana. Hapa hoja ya Peters na Berns kuwa tabia hii ilizuka zaidi ya mara moja ilipata nguvu katika ngazi ya familia.

Katika ngazi ya perege, picha ilikuwa tofauti. Klett na Meyer (2002), na baadaye Dunz na Schliewen (2013), walionesha kuwa perege waatamiaji wana undugu wa karibu, kama Trewavas alivyotarajia. Lakini samaki waliobaki katika *Tilapia* kwa kigezo cha kulinda mayai ardhini hawakuwa ukoo mmoja. Jenasi hiyo ilivunjwa, na *rendalli* akahamishiwa *Coptodon*.

Matokeo haya yanaruhusu tathmini ya uwiano. Trewavas alikuwa sahihi kuhusu walioacha desturi ya zamani, na alikosea kuhusu walioishika. Sababu yake ni ya kimantiki: kulinda mayai ardhini ni urithi wa mababu, na watu wawili wanaoishika desturi ya babu wa mbali si lazima wawe ndugu wa karibu. Ni badiliko jipya, si mabaki ya kale, linaloweza kuwa alama ya ukoo. Kambare kampango anathibitisha upande wa pili wa hoja. Baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama huwalisha watoto mayai yasiyorutubishwa; lakini malezi hayo ya hali ya juu hayamfanyi kuwa ndugu wa sikilidi.

Kwa sikilidi wengine wa ziwa, utafiti wa Malinsky na wenzake (2018) ulisoma jenomu za samaki 134 wa spishi 73. Tofauti ya wastani kati ya jozi za spishi ilikuwa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu, na matawi yote yalionekana kuchipuka kutoka kwa babu anayefanana na *Astatotilapia*, samaki mdogo wa pembezoni mwa ziwa na mitoni. Aidha, koo hizo ziliendelea kubadilishana vinasaba baada ya kutengana. Miaka mitatu kabla, timu hiyo ilikuwa imechunguza Ziwa Masoko, ziwa dogo la kreta lenye kipenyo cha meta 700 kusini magharibi mwa Tanzania. Humo *Astatotilapia* wamegawanyika katika maumbo mawili yanayotofautiana kwa kina wanachoishi, chakula na rangi ya dume wakati wa kuzaa. Kile ambacho Fryer alikisia kutokana na matokeo yake katika ziwa kubwa kilionekana Masoko kikiwa bado katika hatua za mwanzo.

6.0 Maana yake kwa mwambao wa Mbaha

Historia hii ina matokeo matatu ya kivitendo.

La kwanza linahusu idadi ya mayai. Samaki anayeatamia kinywani huweka matumaini yake katika watoto wachache wenye uhakika wa kuishi. Dagaa wa ziwa hili, yaani usipa, hutaga mayai mengi yanayoelea na anaweza kustahimili uvuvi mzito. Magege na mbuna hawana uwezo huo. Jike la magege likivuliwa likiwa na watoto kinywani, kizazi chake chote kimekwenda naye. Kokoro linalokokotwa juu ya mchanga wa kina kifupi hubomoa pia viota vya madume. Katazo la kokoro katika kanuni za uvuvi zilizotokana na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 mara nyingi huelezwa kwa wavuvi kama suala la ukubwa wa matundu ya wavu. Historia ya uchunguzi inaonesha kuwa ni suala la kiota na kinywa, na maelezo ya namna hiyo yanakaribiana zaidi na maarifa ambayo wavuvi wanayo tayari. Uzito wa jambo hili unaonekana katika hali ya chambo wenyewe: *squamipinnis*, *karongae* na *lidole* wote watatu wameorodheshwa kimataifa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

La pili linahusu biashara ya samaki wa mapambo. Mbuna wa mwambao wa Tanzania wanajulikana sokoni kwa majina ya mahali, mfano mmojawapo ukiwa *Labidochromis* wa kisiwa cha Hongi, kwa sababu kila rundo la miamba lina rangi zake. Kumhamisha samaki kutoka mwamba mmoja hadi mwingine ni kuvunja ukuta ambao njia yake ya uzazi iliujenga. Katika kisiwa cha Thumbi Magharibi, upande wa Malawi, mbuna walioletwa kutoka kwingine wamezaliana na wenyeji na kutoa machotara.

La tatu ndilo zito zaidi. Genner na wenzake (2013) waliripoti kuwepo kwa sato, *Oreochromis niloticus*, katika bonde la kaskazini mwa ziwa hili upande wa Tanzania. Sato anapendwa na wafugaji kwa kuwa hukua haraka. Lakini yeye na magege ni wa jenasi moja, wote ni waatamiaji wa mama peke yake, na kwa mujibu wa ushahidi wa vinasaba ni ndugu wa karibu kiasi cha kuweza kuzaliana. Undugu ambao Trewavas aliutambua kwa kutazama kinywa cha mama ndio unaomfanya sato kuwa tishio. Angekuwa wa ukoo wa mbali, angeshindana na magege kwa chakula na mahali. Kwa kuwa ni wa ukoo wa karibu, anaweza kumfuta kwa kuchanganya damu, bila mvuvi kuona tofauti ndani ya mtumbwi wake. Bwawa la sato linalochimbwa kando ya kijito kinachoingia ziwani haliwezi basi kuhesabiwa kuwa shughuli ya mtu binafsi shambani kwake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa maarifa kuhusu nasaba na uzazi wa samaki wa Ziwa Nyasa yalipita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, samaki waliainishwa kwa sehemu zilizodumu chupani. Katika hatua ya pili, Lowe, Fryer, Wickler na Trewavas waliuingiza uzazi katika uainishaji, kwanza kama mpaka wa spishi, kisha kama maelezo ya kutengana kwa koo, na hatimaye kama kigezo cha jenasi. Katika hatua ya tatu, vinasaba vilitenganisha sehemu ya kigezo hicho iliyokuwa ya kweli na ile iliyotokana na kuchanganya urithi wa kale na badiliko jipya.

Imebainika pia kuwa mwambao wa mashariki uliingia katika historia hii zaidi kama mahali pa kukusanyia samaki kuliko mahali pa kuzalishia maarifa. Samaki wa Fülleborn walisubiri Berlin zaidi ya robo karne, na sehemu kubwa ya kazi ya kipindi cha pili ilifanyika katika mwambao wa magharibi na kusini. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania kilichopo Kyela, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vijijini, vinatoa nafasi ya kurekebisha hali hiyo. Makala inapendekeza utafiti wa aina mbili. Wa kwanza ni uorodheshaji wa majina ya samaki na ya mazalia kwa Kinyasa na Kimanda, mwamba kwa mwamba, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka nayo. Wa pili ni upimaji wa vinasaba vya magege wa mwambao huohuo, ili ijulikane mapema kama damu ya sato imekwisha kuingia, na imefikia wapi.